Tupeni Hapana ya Maandishi

Picha hii tumeizoea. Kiongozi mkubwa yuko jukwaani na kipaza sauti, jua linawaka, umati umejaa hadi barabarani. Mama mmoja anapewa nafasi, anaeleza kwamba kiwanja chake kimegawiwa mtu mwingine, au kwamba mafao ya marehemu mumewe yamekwama na amechoka kuzungushwa. Afisa anayehusika anaitwa mbele. Anaanza na "mheshimiwa, suala hili lina historia ndefu," hamalizi. Anasimamishwa kazi hapo hapo, watu wanashangilia, na jioni video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Tunaambiwa kwamba sasa watumishi wanawajibishwa.

Msimamo wangu ni kwamba hapo bado hajawajibishwa mtu, na kwamba maonyesho ya namna hiyo mara nyingi yanatuchelewesha. Kumwajibisha mtumishi wa umma kunaanzia mahali pasipo na kamera: pale anapolazimika kumwandikia mwananchi kwamba ombi lako limekataliwa, sababu ni hizi, kifungu nilichotumia ni hiki, aliyeamua ni mimi, na unaweza kukata rufaa kwa fulani kabla ya tarehe fulani. Serikali isiyolazimisha maafisa wake kuandika hivyo inaweza kutumbua watu kila wiki, na bado yule mama akaendelea kupanda na kushuka ngazi za halmashauri.

Tuangalie mambo yanavyokwenda kwenye kaunta. Mwananchi anayefuatilia jambo lake katika ofisi ya umma ni nadra sana kukataliwa. Anaambiwa faili halionekani masjala. Mkubwa yuko kikaoni Dodoma. Mtandao uko chini. Mwenye faili kaenda likizo na kabati kalifunga. Njoo Jumatatu. Kila jibu kati ya hayo, ukilichukua peke yake, linaweza kuwa la kweli, na ndiyo maana ni gumu kulipinga. Ukiyaunganisha ya miezi minane, unapata uamuzi kamili wa kumnyima mtu haki yake, na hakuna hata mmoja aliyeufanya.

Mtumishi anayejua kazi yake anaijua hesabu hii. Akikubali ombi, ameweka saini, na saini inaweza kumrudia. Akikataa, ameweka saini vilevile, na mwananchi ameondoka na karatasi ya kumpelekea mkurugenzi, wakili au mwandishi wa habari. Asipokubali wala kukataa, hakuna alichofanya, na asiyefanya kitu hana pa kushikiwa. Kimya ndicho kiti salama kuliko vyote ofisini. Tena kina faida yake: nauli inamwishia mwananchi, mvua zinakaribia na msingi haujamwagwa, na siku moja yeye mwenyewe ndiye anayesogea karibu na dirisha na kuuliza kwa sauti ya chini, "kwani hapa huwa mnasaidiaje watu?" Wanaohesabu rushwa ndogo kwa kuuliza nani aliombwa pesa wanakosa sehemu kubwa ya biashara hii. Mara nyingi haombwi mtu. Anangojewa tu achoke.

Sheria zetu nazo zinambeba anayekaa kimya, ingawa sidhani kwamba kuna aliyekusudia. Mwananchi anayetaka Mahakama Kuu imlazimishe afisa kutimiza wajibu wake huomba amri ambayo mawakili wanaiita mandamusi. Masharti ya kuipata yaliorodheshwa katika shauri moja dhidi ya Mkuu wa Mkoa wa Kagera lililoripotiwa mwaka 1986, na mawakili wanayanukuu hadi leo. Mojawapo ni kwamba mwombaji aonyeshe alidai atimiziwe, na afisa akakataa. Lisome sharti hilo huku ukimfikiria yule mama. Alidai? Ndiyo, kwa mdomo, dirishani. Alikataliwa? Hapana, aliambiwa aje Jumatatu.

Kisha kuna suala la muda. Kwa kanuni za mwaka 2014, anayetaka mahakama ipitie uamuzi wa kiutawala lazima kwanza aombe kibali, na ombi hilo lifike ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ufanyike. Miezi 6 tangu lini, kama uamuzi wenyewe haujulikani ulifanyika lini, au kama haupo? Anayeamua kuacha njia hiyo na kufungua madai ya kawaida dhidi ya Serikali anatakiwa na sheria kutoa kwanza notisi ya siku 90. Serikali imejitengea siku 90 za kuisoma barua ya mwananchi. Mwananchi, kwa upande wake, hana sheria ya jumla inayompa siku hata moja ambayo ikipita anaweza kusema: sasa nawadai jibu.

Nasema sheria ya jumla kwa sababu zipo sheria mahsusi zenye ukomo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji iamue ombi la hakimiliki ya kimila ndani ya siku 90. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaitaka ofisi ijibu ombi la taarifa ndani ya siku 30. Kwa hiyo Bunge linajua kuandika ukomo linapotaka. Halmashauri ya kijiji, ambayo pengine haina hata mashine ya kuchapa, imewekewa tarehe. Ofisi kubwa zenye magari na viyoyozi zina uhuru mpana zaidi wa kunyamaza. Katiba yenyewe, ibara ya 13(6)(a), inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na ya kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Ni ibara nzuri. Lakini imejengwa juu ya dhana kwamba kuna uamuzi, na mchezo mzima wa kaunta ni kuhakikisha uamuzi hauzaliwi.

Haya si mawazo mapya nchini. Tume ya Rais iliyotoa taarifa yake mwaka 1965 kuhusu mfumo wa chama kimoja iliiona hatari: chama kikiwa kimoja, raia aliyeonewa na mkuu wa wilaya atakwenda wapi? Jibu lilikuwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanzishwa mwaka 1966, miongoni mwa taasisi za kwanza kabisa za aina hiyo barani Afrika, ikiwa chini ya uenyekiti wa Chifu Erasto Mang'enya. Wajumbe walikwenda mikoani kuwasikiliza wananchi. Kasoro ilikuwa mwishoni mwa safari: taarifa ya uchunguzi ilikwenda kwa Rais, naye ndiye aliyeamua cha kufanya. Mlalamikaji alikuwa ameongezewa ofisi nyingine ya kungojea, ingawa ilikuwa na watu waungwana zaidi.

Mabadiliko ya 13 ya Katiba, mwaka 2000, yalileta Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na Sheria Na. 7 ya 2001 ikaipa meno zaidi. Mtihani wake mkubwa ulikuja mapema. Mwaka 2001 wakazi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao kuchomwa moto. Watu 135, wakiwakilishwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wakapeleka malalamiko mbele ya Tume. Mwishoni mwa 2004 Tume iliamua kwamba haki zao zilivunjwa na kwamba walipwe fidia. Serikali ikakataa kutekeleza. Kituo kikaenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Ardhi, ambayo ilisema haina mamlaka ya kukazia uamuzi huo. Mahakama ya Rufani, katika rufaa iliyofunguliwa mwaka 2006, ikasema mamlaka hayo yapo.

Wengi hulitaja shauri la Nyamuma kama mfano wa tume isiyosikilizwa, na hawakosei. Mimi huwaonyesha wanafunzi wangu jambo jingine ndani yake. Serikali ilikataa waziwazi, na kwa sababu ilikataa waziwazi, walalamikaji walipata kitu cha kubeba mkononi hadi ngazi ya juu kabisa ya mahakama za nchi. Kama ingejibu kwamba mapendekezo yamepokelewa na yanafanyiwa kazi, shauri lile lingefia kwenye kabati. Maafisa wa kizazi hiki wamelielewa somo hilo vizuri kuliko sisi. Siku hizi kila pendekezo "limepokelewa na linafanyiwa kazi".

Wanaokosa kumwona adui wa pili

Najua nitakavyojibiwa. Jibu la kwanza ni kwamba bila kutumbua, watumishi hawaogopi. Wanaosema hivyo hunikumbusha Novemba 2015, siku chache baada ya Rais Magufuli kuapishwa, alipoingia Muhimbili bila taarifa, akakuta wagonjwa wamelala chini na vipimo vikubwa vimekufa, akavunja bodi ya hospitali na kumwondoa kaimu mkurugenzi. Mashine zikatengenezwa baada ya siku chache. Silipingi hilo, na mgonjwa aliyepigwa picha ya MRI wiki ile hana sababu ya kusikiliza hoja zangu. Lakini Rais ni mmoja, na madirisha ya ofisi za umma ni maelfu. Njia inayohitaji mtu mkubwa kuliko wote afike mwenyewe haiwezi kuwa njia ya kumhudumia anayetafuta kibali cha ujenzi Tunduru.

Tena kuna hasara ambayo haionekani kwenye video. Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 na kanuni zake zina utaratibu wa nidhamu: mashtaka kwa maandishi, muda wa kujitetea, uchunguzi, kisha uamuzi. Aliyesimamishwa jukwaani bila hatua hizo anakata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, na utaratibu ukiwa umerukwa anaweza kushinda hata kama alikuwa mwizi. Anarudi kazini, au analipwa. Wakati huo kiwanja cha mama kiko pale pale, kwa sababu shangwe ilimhusu afisa; faili halikufunguliwa. Na wale waliobaki ofisini wamejifunza nini? Hawakujifunza kuhudumia haraka. Wamejifunza kwamba mwenye saini ndiye anayeitwa mbele, basi wanazidi kuzikwepa saini. Kila duru ya utumbuaji inazalisha kimya kingine.

Mbaya zaidi ni kwamba wanaojiita wawajibishaji ndio wa kwanza kukimbia kalamu. Chukua mamlaka ya saa 48. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawaruhusu wakuu wa mikoa na wa wilaya kuamuru mtu awekwe ndani kwa muda usiozidi saa 48, kwa masharti: kuwe na sababu za kuamini kwamba usalama wa umma umo hatarini, na sababu hizo ziandikwe. Tumeshuhudia wauguzi, walimu na watendaji wakiwekwa ndani kwa kuchelewa kikao au kwa majibu yasiyofurahisha, amri ikitolewa kwa mdomo mbele ya waandishi wa habari. Umati huona kiongozi mkali anayewatetea wanyonge. Mimi huona afisa wa umma aliyechukua uhuru wa mtu bila karatasi, akifanya kwa ukubwa kile kile ambacho karani wa ardhi hukifanya kwa udogo.

Jibu la pili ni la mifumo. Wekeni kila kitu kwenye kompyuta, naambiwa, na binadamu atoke katikati. Hapa nakubaliana nusu. Mfumo wa malipo ya Serikali na namba zake za malipo, ulioanza kuenea mwaka 2017, umefunga mianya mingi ya fedha kupita mkononi mwa karani, na nani anataka kurudi kwenye vitabu vya risiti vya kughushi? Lakini mfumo uliobuniwa kupokea haukubuniwa kueleza. Ombi linaandikwa "linashughulikiwa" kwa rangi ya njano, mwezi baada ya mwezi. Ukipiga simu unaambiwa mfumo umekataa. Zamani afisa alikuwa na jina na sura, ungeweza hata kumvizia kwenye mgahawa wa jirani. Sasa anayekunyima ni rangi ya njano. Teknolojia inasaidia tu pale programu inapomlazimisha afisa kuchagua sababu na kuweka jina lake kabla ya kulifunga ombi, na pale saa inapoanza kuhesabu siku mwananchi akiwa anaiona.

Jibu la tatu ni la maadili: semina, viapo, mabango ya "hatutoi wala kupokea rushwa". Tuna Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma tangu sheria ya 1995, na kila Juni tuna Wiki ya Utumishi wa Umma yenye mabanda na fulana. Jibu hili nalipita haraka. Mtu mwema akiwekwa mahali ambapo kunyamaza kuna faida na kuandika kuna hatari, atanyamaza, na atajisikia vizuri tu.

Jibu la nne ndilo ninaloliheshimu, na hutoka kwa watumishi wenyewe. Tutaandika sababu kwa kila mtu saa ngapi? Afisa ardhi mmoja ana maombi mamia, kiti kimoja, na kompyuta inayogoma. Kwanza, kiangalie kinachomaliza muda wake sasa hivi: watu wale wale wanaorudi kila Jumatatu kuuliza jambo lile lile. Anayepewa jibu moja lililoandikwa harudi mara nane. Pili, sababu za kukataa katika idara yoyote hazizidi kumi na kidogo. Eneo halijapimwa. Kuna mgogoro mahakamani. Kiambatanisho fulani hakipo. Matumizi ya ardhi hayaruhusu. Fomu ya ukurasa mmoja yenye visanduku, nafasi ya kuongeza sentensi mbili, jina, saini na tarehe inatosha. Na iwe kwa Kiswahili. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini, kwa hiyo hakuna afisa mwenye kisingizio cha kumwandikia mkulima wa Kilosa Kiingereza cha kuchanganya.

Kuna jambo ambalo watumishi hawalisemi hadharani. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni afisa katika halmashauri moja, aliniambia anachokiogopa si mwananchi mwenye karatasi, ni simu. Simu inaingia jioni: lile eneo mpe mtu wetu, yule mwingine mzungushe. Aliyepiga hataandika kamwe. Kesho mambo yakiharibika, saini iliyopo ni ya kijana. Sheria inayomtaka aandike sababu ingempa kijana huyo maneno ya kujibu: mheshimiwa, natakiwa kujaza kisanduku, niandike sababu gani? Wengi wanaodhani uwajibikaji ni silaha ya mwananchi dhidi ya mtumishi hawajamwona adui wa pili, yule anayeamua bila kuwepo ofisini. Mtumishi mdogo mwaminifu ndiye atakayefaidi kwanza.

Jirani alivyofanya, na tunachoweza kuchukua

Kenya walilipeleka suala hili hadi kwenye Katiba. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya hatua ya kiutawala iliyo ya haraka, halali na ya haki, na haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoathirika. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kuitekeleza ikaongeza vitu viwili ninavyovitamani. Kuchelewa kupita kiasi na kushindwa kuchukua hatua vimekuwa sababu halali za kwenda mahakamani. Na ofisi iliyoombwa sababu isipozitoa, uamuzi wake unachukuliwa kwamba ulifanywa bila sababu ya msingi, hadi ofisi ithibitishe vinginevyo. Hapo kimya kinageuka ushahidi dhidi ya anayenyamaza. Kiti kilichokuwa salama kinaanza kuchoma.

Sidai kwamba Wakenya wamefika. Muda wa kutoa sababu katika sheria yao ni miezi mitatu, mrefu mno kwa mtu anayengoja kibali cha kufungua duka. Mahakama nazo humtaka mlalamikaji amalize kwanza njia za rufaa za ndani ya ofisi, na ofisi nyingi hazina njia hizo za kueleweka. Wanayo Tume ya Haki ya Utawala, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ambayo kaulimbiu yake "Hata mnyonge ana haki" naipenda kuliko nyingi nilizosikia, lakini nguvu zake ni za kupendekeza na kuripoti Bungeni. Na yapo madonda ambayo sheria ilichelewa sana kuyafikia. Wanubi wa Kenya, waliokuwapo nchini humo tangu enzi za ukoloni, kwa miongo mingi hawakuambiwa waziwazi kwamba hawatapewa vitambulisho. Walihojiwa, wakaitwa tena, wakaambiwa wangoje. Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ilipoamua mwaka 2011 kwamba haki za watoto wao zimevunjwa, ilikuwa inahukumu hasa huko kungojeshwa.

Afrika Kusini walipiga hatua nyingine. Machi 2016 Mahakama ya Katiba yao iliamua, katika sakata la nyumba ya Rais Zuma huko Nkandla, kwamba maagizo ya Mlinzi wa Umma yanafunga hadi yatenguliwe na mahakama. Anayedharau lazima aende mahakamani yeye, asimwache mlalamikaji ndiye ahangaike. Ingekuwa ndiyo sheria yetu mwaka 2004, mzigo wa kwenda mahakamani ungekuwa wa Serikali, na watu wa Nyamuma wangebaki nyumbani wakingoja kulipwa.

Ufaransa wamekwenda mbali kuliko wote. Kwa sheria ya 2013, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, ofisi ikikaa kimya kwa miezi miwili, ombi linahesabiwa limekubaliwa, ingawa wameweka utitiri wa mambo ambayo hayamo. Hilo silitaki hapa. Kwenye ardhi lingekuwa janga: mjanja angehonga faili lilale miezi miwili, kisha adai kiwanja cha shule. Ninachotaka ni kinyume chake: siku 30 zikipita bila jibu, ombi lihesabiwe limekataliwa. Inasikika kama kumwadhibu mwananchi, na wabunge wawili niliowahi kuzungumza nao walishtuka. Lakini kukataliwa ndiko kunakofungua mlango wa rufaa. Leo mwananchi amekaa nje ya mlango usio na kitasa.

Kwa hiyo sheria ninayoiombea ni fupi. Kila ombi lipokewe kwa stakabadhi yenye tarehe na jina la aliyelipokea. Siku 30 za kujibu, zinazoweza kuongezwa mara moja tu, kwa barua yenye sababu. Kukataa kuwe kwa maandishi, kwa jina. Kimya kihesabiwe kukataa, na kukataa kusikokuwa na sababu kuhesabiwe hakuna msingi. Rufaa ya kwanza iende kwa mtu aliye nje ya idara ile, bila wakili na bila ada. Gharama za kesi ambazo ofisi itashindwa zitoke kwenye fungu la ofisi ile ile, zionekane kwenye vitabu vyake, zisimezwe na Hazina. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye tayari anafanya ukaguzi wa ufanisi, aongezewe swali moja kwa kila taasisi: maombi mangapi yalipitiliza siku 30, na katika idara ipi. Mkuu wa idara atakayesomwa hivyo mbele ya kamati ya Bunge hatahitaji kuitwa jukwaani.

Mikataba ya huduma kwa mteja nayo iingizwe humo. Tuliirithi kutoka kwa Waingereza, ambao chini ya John Major walianzisha yao mwaka 1991, na programu ya maboresho ya utumishi wa umma ikaisambaza kwetu kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Iko ukutani, kwenye fremu, karibu na picha ya Rais: barua zitajibiwa ndani ya siku saba. Nimeisoma mingi. Sijakutana na uliosema siku ya nane kunatokea nini.

Anayefuatilia jambo lake wiki hii hana haja ya kungoja Bunge. Andika ombi kwa barua, hata kama karani anasema maneno yanatosha. Fanya nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri wa masjala wenye tarehe. Wakikataa kugonga, ipeleke posta kwa rejista na utunze stakabadhi. Siku 30 zikipita, andika barua ya pili ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, na usiulize "suala langu limefikia wapi". Uliza faili limeshikwa na nani, lilimfikia lini, na kwa sababu gani hajaamua. Hiyo ni taarifa, na wana siku 30 za kukupa. Wakijibu, una uamuzi wa kukatia rufaa. Wasipojibu, una barua mbili zenye tarehe zinazoonyesha kwamba ulidai, na hapo wakili anaweza kuanza kujenga hoja mbele ya jaji kwamba kimya hicho ndicho kukataa kwenyewe.